Kioo cha Wakala wa Bima

Jumatatu, 6 Oktoba

Bahati imetuangukia, na imekuja na sharti. Mwenye magari ya harusi alifika asubuhi kwenye uwanja wetu wa kuoshea magari. Alipitisha kidole juu ya dashibodi niliyoisafisha mimi, akakitazama, akatafuta vumbi, akalikosa. Akamwambia Shangazi kwamba kuanzia Jumamosi ataleta kwetu magari yake yote meupe, kila wiki. Lakini lazima tuwe na bima ya biashara. Kuna mwoshaji alimvunjia kioo siku ya harusi, akabaki kuomba radhi tu, na radhi haiwekwi dirishani. Bila bima atawapelekea wale wa ng'ambo ya barabara, ambao hufuta boneti kwa kitambaa kilichotoka kwenye matairi. Wauaji!

Shangazi alikubali papo hapo. Yeye hukubali kwanza, hufikiri baadaye. Alipomaliza kufikiri aliniita pembeni. Kazi hii ikija, nabaki hapa. Isipokuja, hana njia ya kuniweka, na Mama Mdogo ameshanitengea nafasi dukani kwake: kusimama mlangoni na kipaza sauti, kuwaita wapita njia. Mimi! Shuleni nilikuwa naitikia jina langu na mwalimu ananiandika sijafika.

Hapa nimepewa kazi ya kusafisha ndani ya magari. Unafunga milango, unabaki wewe, brashi na makombo ya biskuti. Hakuna anayekuuliza kitu. Sijawahi kupenda mahali namna hii.

Redio alijitolea kwenda ofisi ya bima. Redio ni binamu yangu, binti wa Shangazi. Anapiga polishi huku nje na anasikika mpaka sokoni. Mara ya mwisho alitumwa kununua shampuu ya magari tu, na mtaa mzima ukajua Shangazi anakoroma. Nikasema nitakwenda mimi. Kila mtu alinyamaza, hata pampu. Redio akauliza kama nitaongea nao kwa ishara. Shangazi akamwambia aniache, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mshindo upo. Nina mpango.

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango: kuingia, kukaa, kusubiri waniulize wenyewe.

Nilikaa kwenye benchi la wateja. Mzee aliyekuja baada yangu aliuliza nani wa mwisho. Nikamwonyesha apite. Akaja mama mwenye mtoto, apite. Akaja kijana mwenye haraka, apite. Nimepitisha watu mpaka mteja mmoja akadhani nimeajiriwa kupanga foleni, akaniuliza choo kiko wapi. Ofisi ikafungwa nikiwa bado wa mwisho.

Nikatoka nikijiona bure kabisa. Ndipo nikaliona. Gari la kijani la wakala wa bima mwenyewe, limeegeshwa chini ya jina la ofisi. Matope hadi vioo vya pembeni. Matandu ya buibui kwenye taa. Nilitaka kulikumbatia.

Kwa nini mimi niifuate bima? Bima inifuate mimi! Nikaandika karatasi: "Gari hili litaoshwa bure ndani na nje kesho. Uwanja nyuma ya kituo cha mafuta. Hakuna haja ya kujibu." Nikaibana chini ya waipa, nikakimbia.

Nyumbani Shangazi aliuliza wamesemaje. Nikasema wameonyesha nia. Redio akataka kujua wameionyesha vipi. Nikasema ni watu wa maneno machache. Akasema basi nimepata ndugu zangu waliopotea.

Jumatano, 8 Oktoba

Amekuja!

Mtu mnene kidogo, mpole, mkoba kwapani. Shangazi alimpa kiti kivulini na kumwita bwana mkubwa. Yeye akamwita mama. Redio akaanza kumsimulia maisha yake tangu kuzaliwa. Mimi nikaingia garini na kufunga milango.

Sijawahi kufanya kazi namna ile. Nilichokonoa mishono ya viti kwa mswaki, kama Shangazi alivyonifundisha. Nilitoa karanga kutoka mahali ambapo karanga haiwezi kufika. Kisha kioo cha mbele. Shangazi husema kioo kisafi ni kile ambacho nzi hukigonga. Chetu kilikuwa na stika pembeni, imefifia, ncha imejikunja, na chini ya ncha kuna vumbi la miaka. Vumbi lile lilinitazama. Nikaibandua taratibu kwa wembe na maji ya uvuguvugu, nikaiweka mahali salama ili niirudishe, nikafuta kioo.

Kioo kilipotea! Yaani kilikuwa safi hadi huwezi kujua kama kipo.

Wakala alizunguka gari lake akiwa ameshika kifua. Akamwambia Shangazi kwamba watu wasafi kiasi hiki yeye anawakatia bima hata usingizini, na kesho ataleta makaratasi. Akaondoka akipiga honi. Redio aliniambia, bila kejeli, kwamba nimeweza. Halafu akaharibu kwa kuongeza kwamba ameyalainisha mambo yeye, kwa mazungumzo.

Nimecheza peke yangu stoo, katikati ya ndoo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Jamani.

Wakala alikuja bila makaratasi. Alikuja na sauti. Trafiki alimsimamisha jana karibu na kwake, akamwuliza stika ya bima iko wapi. Akaonyesha kioo. Kioo kitupu. Askari akamwuliza anafanya kazi gani. Ikabidi aseme. Askari akawaita wenzake waje kumtazama wakala wa bima anayetembea bila bima. Leo asubuhi amesimamishwa tena, na safari hii wenzake yule askari walikuwa tayari wanamsubiri.

Shangazi hakuuliza ni nani. Alinitazama tu, mara moja, akainama kutafuta. Tukatafuta uwanja mzima. Redio alipindua pipa la taka kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo sitalisahau. Mimi nilitafuta kwa magoti kuanzia lango hadi bombani, chini ya kila ndoo. Hakuna kitu. Mahali salama! Nakumbuka niliiweka mahali salama! Mahali penyewe ndipo sipakumbuki.

Wakala akamwambia Shangazi kwamba hili ndilo jambo ambalo bima ya biashara huwepo kwa ajili yake, mali ya mteja kuharibika mikononi mwa mwoshaji, na kwamba akiwakatia watu kama sisi kampuni itamfukuza mchana kweupe. Shangazi alisema sawa, baba. Akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyesema kioo kisiwe na kitu. Alisema hivyo huku akikausha mikono kwenye kitambaa kilichokwisha kulowa. Sikuweza kutazama. Nilihitaji mahali pa kujificha, na mlango wa nyuma wa gari moja ulikuwa wazi. Nikaingia, nikajikunja chini nyuma ya kiti.

Lilikuwa gari la kijani.

Wakala akafunga mlango na kuondoka nami.

Mtu mwingine angesema samahani. Mimi niliitayarisha samahani hadi mzunguko wa kwanza wa barabara, nikaona imechelewa. Nikaitayarisha upya, ndefu zaidi. Tukapita soko. Tukapita ofisi ya bima. Nikaanza kujiuliza kama ana mke na kama nitapewa chakula.

Kisha filimbi. Yule yule. Nilimsikia askari akimwuliza, kwa upole wa kutisha, kama leo stika imepatikana. Wakala akaanza kueleza, akakwama, akaanza tena. Sauti yake ilikuwa kama yangu ninapotumwa dukani. Niliona haya nikalaza uso gotini.

Na pale gotini, kwenye ovaroli, nikakutana na stika.

Mahali salama! Niliibandika gotini nisiisahau! Nimetafuta uwanja mzima juu yake!

Nikaibandua, nikanyoosha mkono katikati ya viti. Wakala alipiga ukelele. Askari naye alipiga kidogo. Akaniuliza mimi ni nani. Wakala akajibu kwamba hanijui. Jibu baya kuliko yote. Askari akamtaka ashuke na kunitaka mimi nieleze kama nimeibwa. Ilikuwa lazima niseme. Nikasema hapana afande, mimi ndiye niliyeiba, lakini kwa bahati mbaya, na gari pia nimelipanda kwa bahati mbaya, ila tawi la mkaratusi la kunukiza gari nimelining'iniza makusudi.

Alicheka hadi akaegemea boneti. Aliacha alama ya kiganja. Nilishuka, nikaifuta kwa mkono wa ovaroli, nikarudi ndani. Akatuambia tuondoke kabla hajaanguka barabarani.

Njia ya kurudi wakala aliendesha akitazama mbele. Nami nikagundua jambo: ni rahisi kuongea na kisogo. Kisogo hakikutazami. Nikakiambia yote. Benchi, karatasi ya kwenye waipa, kipaza sauti cha Mama Mdogo. Nikakiambia kwamba nilipomaliza shule kila mtu aliniuliza mbona siongei, isipokuwa Shangazi. Yeye alinipa mswaki, akafungua mlango wa gari na kusema hapa ndani pana kazi yako. Kwa hiyo asimhukumu kwa ajili yangu. Anihukumu mimi, bima ampe yeye.

Kisogo kilipita taa mbili za barabarani. Halafu kikasema kwamba katika miaka yake yote wateja humficha ajali, na huyu wa leo amemletea ajali, ushahidi na mhusika mpaka kiti cha nyuma.

Langoni Shangazi alikuwa amesimama na kandambili moja. Ya pili iliruka alipokuwa akikimbia nyuma ya gari. Alinigombeza, akanikumbatia, akanigombeza tena. Wakala akamweleza stika ilikuwa wapi. Shangazi akalitazama goti langu kwa muda mrefu, akasema kumbe tangu jana mmoja wetu alikuwa na bima.

Redio alicheka akaishia kukaa kwenye ndoo. Ndoo ilikuwa na maji.

Ijumaa, 10 Oktoba

Wakala ameleta hati. Shangazi ametia sahihi kwa mkono uliooshwa mara mbili. Tuna bima! Gari la mteja likiharibika mikononi mwetu, kampuni italipa. Redio ameshautangazia mtaa, na kwa mara ya kwanza sikumkataza.

Kuna sharti moja. Wakala amelipendekeza mwenyewe, akitabasamu. Kabla gari halijaguswa, lazima mmoja wetu alizunguke pamoja na mwenyewe na kutaja kwa sauti kila kilichomo: mikwaruzo, nyufa, stika. Mmoja huyo ni mimi.

Kwa sauti! Kwa kila mteja! Nimekimbia mlango wa duka, nimeangukia lango la uwanja.

Shangazi alinikuta nimejifungia ndani ya gari. Hakunitoa. Aliingia mlango wa pili, akakaa mbele, akanipa kisogo. Akaniambia nimtajie vitu vyote vya gari lile, polepole, yeye hatageuka. Nilitaja. Tukarudia hadi sauti yangu ikafika dirishani. Alisema inatosha, magari ya harusi ni matulivu, si ya kupigiwa kelele.

Mama Mdogo alipiga simu kuuliza lini naenda. Shangazi akamwambia kipaza sauti amtafutie mtu mwingine, huyu ana kazi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Yamekuja yote! Meupe, mstari mmoja, kama meno. Wale wa ng'ambo walisimama na vitambaa vyao vya matairi na kutazama.

Nilizunguka na mwenye magari. Nilitaja mkwaruzo wa mlangoni, nilitaja ufa wa taa, nilitaja stika. Alisikia karibu yote. Shangazi alijifanya anakung'uta mkeka asije akaonekana anafuta macho. Redio alikaa kimya toka mwanzo hadi mwisho, ukiondoa mara nne.

Hakika nimebadilika. Wiki hii imenifunza kusema mambo wazi, kutofanya mipango ya kificho, na kutogusa kisichonihusu. Nimeyaandika ili yabaki.

Sasa nimo ndani ya gari la bi harusi. Milango imefungwa. Pametulia. Viti viko tayari, dashibodi tayari, kimebaki kioo cha mbele tu. Ni safi kabisa, isipokuwa ncha ya stika imejikunja kidogo, na chini yake kuna vumbi.

Si vumbi jingi. Na wembe uko hapa hapa.

Dakika moja tu. Nitaiweka mahali salama. Tena safari hii si gotini, mimi si mjinga. Nitaibandika mgongoni, ambako haiwezi kuanguka.