Mgeni Rasmi Azindua Damu za Akina Mama

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, ambaye ni shemeji yangu. Waheshimiwa wajumbe wa kamati ndogo inayoisimamia kamati ya maandalizi. Mganga mkuu, wauguzi, wapiga picha. Na ninyi mama zangu, dada zangu na shangazi zangu, mliokoma hedhi kwa utulivu na nidhamu ya hali ya juu: itifaki imezingatiwa, kaeni. (Wanabaki wamesimama, viti vyote vimekaliwa na kamati.)

Miezi kadhaa iliyopita, katika ukumbi huu huu wa hospitali, nilizindua Mradi Jumuishi wa Kufuatilia Viashiria vya Moyo katika Damu za Akina Mama Wanaotumia au Wanaotaka Kutumia Homoni baada ya Kukoma Hedhi, ambao kupitia rodimapu shirikishi na stekiholda wote husika ulilenga kubaini kama homoni hizo za kutuliza majoto na jasho la usiku zinapandisha au zinashusha mafuta katika damu, na kama moyo unanufaika au unaumia. Majoto hayo nayajua. Feni ya ofisini kwangu iliharibika wiki nzima, na sikulalamika. (Makofi meza kuu. Shangazi mmoja huko nyuma: "Pole, mwanangu!" Kicheko.)

Asante, shangazi. Takwimu zinajieleza. Waliojitokeza kutolewa damu ni asilimia mia moja na nne ya lengo, kwa kuwa wengine walirudi kwa ajili ya biskuti. Wekishopu zimefanyika nyingi, karibu zote katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, ambako wataalamu waliijadili kolesteroli mbaya kwa kina huku wakila kuku wa kukaanga. Na fulana zimechapishwa zenye picha ya moyo na, kwa ubunifu wa kamati, picha yangu ndani ya moyo. (Makofi. Mtu anakohoa.)

Naona mama fundi cherehani amenyoosha mkono. Mpeni kipaza sauti, ila kwa ufupi.

("Mheshimiwa, mama yangu aliondoka kwa ugonjwa wa moyo, na dada yangu mkubwa hivyo hivyo. Daktari kaniambia nisianze vidonge vya homoni wala kibandiko chake cha ngozini mpaka majibu ya damu yatoke. Silali, mheshimiwa, shuka naikamua. Majibu yangu yako wapi?")

Swali zuri sana, mama, tena la kizalendo. Kuhusu kidonge na kibandiko, ofisi yangu haibagui, vyote ni vyetu. Kuhusu moyo, moyo ni kipaumbele, na majibu yako yamo katika hatua za mwisho za kuelekea hatua za mwanzo. ("Sasa nianze au nisianze?") Mama, mchakato ni mchakato. ("Nitakufa na mchakato wako, baba!" Wanacheka, kisha wanaacha kucheka.)

Tumalizie kwa ari! Damu yangu! ("Majibu yangu!") Hapana, mnaitikia "Maendeleo yetu". Damu yangu! ("Majibu yangu!") Basi, imetosha.

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru shemeji kwa kubuni nembo. Nawashukuru wapiga picha. Na kwa namna ya pekee namshukuru dada wa usafi, ambaye, mashine ya kupimia ikiwa bado haijaagizwa, na friji ikiwa imejaa soda za meza kuu, alizimwaga damu zenu zote kwa heshima, bila kinyongo, akaviosha vichupa vikang'aa. Nasema kwa fahari, hakuna hata kichupa kimoja kilichopotea! Na kwa kuwa picha za uzinduzi ule zilinitoa na kivuli usoni, leo tunazindua upya. Muuguzi, tuanze na mama fundi cherehani. Mama, mbona unashusha mkono wa gauni? Mama! Jamani, mbona mnatoka wote?