Mafuta ya Nandagala Yanayokataa Kuchacha

Kiwanda cha Mafuta,
Nachingwea Mjini.

Kwa Mama Mkwe, Bi Swaumu,
Mwenyekiti, Kikundi cha Akina Mama Wakamua Ufuta,
Nandagala, Ruangwa.

YAH: OMBI LA KUWATAKA MKAMUE VIBAYA KIDOGO

Shikamoo Mama. Natumaini hamjambo nyote. Mimi huku sijambo kwa kiasi. Ningefika mwenyewe kusema haya, lakini mkwe hakai mbele ya mama mkwe akabishana naye, tena habari za mafuta. Kwa hiyo adabu imenikalisha mezani na kalamu. Naomba uisome barua hii kama ya mfanyabiashara kwa mfanyabiashara, na ukimaliza uwe tena mama yangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnapumzika mno. Naambiwa mashine yenu ya mkono ikipata moto mnaiacha, mnakaa mkekani na kunywa uji mpaka chuma kipoe. Mama, mashine yangu haijui uji. Naiwasha asubuhi, na ikifika adhuhuri mafuta yanatoka yakifuka moshi. Ufuta wenyewe naukaanga mpaka uwe mweusi, nanyunyizia na maji, ndipo mafuta hutoka bila ubishi. Ninyi mnaupeta, mnauosha, mnauanika ukauke kabisa, halafu mnaukamua ukiwa baridi. Huo ni ufuta au bibi harusi?

2. Mnatupa mali. Mashudu yenu yanabaki na mafuta mengi hata kuku wa Nandagala wanang'aa. Mashudu yangu mbuzi huyanusa tu na kuondoka.

3. Hili ndilo zito. Mafuta yenu hayachachi. Mnayaacha yatulie, mnachota ya juu tu, mnayachuja kwa kitambaa na kuyaweka kivulini kwenye madebe yaliyofunikwa. Yangu nayapanga barazani kwenye chupa nyeupe, jua liyapige, mteja aone rangi. Sasa Mwalimu Makrina, anayefundisha sayansi hapa mjini, alinunua yangu na yenu siku moja. Yangu yalianza kunuka kabla hajafika nusu ya chupa. Yenu aliyamaliza yakiwa bado yananukia ufuta. Akaja kunieleza mbele ya wateja kwamba moto ukizidi, maji yakibaki ndani na jua likaongezea, mafuta huharibika upesi, maana kile kinachoyalinda kinakuwa kimekwisha. Nilimshukuru. Wateja nao walimshukuru, wakaondoka naye.

Hebu fikiria, Mama. Mafuta yakichacha, mtu hununua mengine, na hivyo ndivyo biashara inavyozunguka. Mafuta yasiyochacha yanamfundisha mteja uvivu wa kununua. Siku hizi yangu nayapakia kwenye pikipiki hadi Mtua na Nanganga, na kila nikisimama watu wananitupia ile ya chema chajiuza, kibaya chajitembeza, kana kwamba methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya kiwanda changu. Mambo yakiendelea hivi, nitafunga.

4. Mmenichukulia mke. Rukaiya alikuja kwako kusaidia msimu wa ufuta. Msimu umekwisha, ufuta umeuzwa mnadani, watu sasa wanapulizia mikorosho dawa, yeye hajarudi. Kabla ya kuondoka aliyaonja mafuta yangu kwa ncha ya ulimi, akasema, "Mashine yako imeshayakaanga haya. Mimi nikaangie nini?" Nilidhani ni utani. Tangu siku hiyo nyumba imekuwa kubwa, Mama, na mimi ndani yake nina huzuni. Hilo silisemi kwa mzaha.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mkaange ufuta kidogo kabla ya kukamua. Mkishindwa, acheni uji. Mkishindwa na hilo, yawekeni madebe juani. Na kama yote haya ni magumu kwenu, basi tukubaliane siku moja ambayo mafuta yote ya Nachingwea na Ruangwa yatachacha kwa pamoja, asiwepo wa kumcheka mwenziwe. Naamini huo ndio ushindani wa haki.

Nisalimie akina mama wote wa kikundi, pamoja na wale wanaonicheka, na mashemeji zangu wakubwa kwa wadogo. Rukaiya nimemweka mwisho si kwa dharau. Jina lake ndilo lililonichelewesha kumaliza barua.

Ni mimi mkweo, mwenye heshima na hasara,
Ismaily

N.B. Huzaifa wa bodaboda, aliyekuletea barua hii, amebeba kiroba cha ufuta wangu na dumu tupu. Dumu nimeliosha na kulikausha vizuri. Naomba mnikamulie kwa namna yenu hiyohiyo, wala msiharakishe. Ni ya kula nyumbani, maana haya yangu siku hizi hayapiti kooni. Dumu likijaa, tafadhali asilibebe Huzaifa. Alilete Rukaiya mwenyewe, na akifika nitampa ufunguo wa kiwanda.