Gari Lisiloibika

Jumatatu, 3 Machi

Fundi umeme wa mtaa wa pili ameibiwa! Gari lake la kazi limekombwa lote: nyaya, ngazi, drili, mpaka chupa ya chai. Nilikwenda kumpa pole. Nikamkuta kakaa kizingitini, kashika bisibisi moja iliyosalimika kwa kuwa ilikuwa mfukoni. Nikamwambia ajikaze. Kisha nikarudi nyumbani mbio kuangalia gari langu.

Maana mimi nina la kupoteza. Jumatatu ijayo naanza kazi ya mabomba hospitali ya wazazi. Wodi mpya nzima! Miaka yote nazibua masinki ya watu, leo nimepata kazi ya kujengea jina. Ila Matroni kasema wazi: nisipofika asubuhi na vifaa kamili, kazi anapewa Bingwa.

Bingwa ni fundi bomba mwenzangu, tena jirani wa ukuta kwa ukuta. Jina hilo kajipa mwenyewe. Nitakula sabuni kabla sijamwona akiingia wodi ile.

Mama watoto ni fundi cherehani. Anasema dawa ni ndogo: kila jioni nishushe vifaa niviingize ndani, kama yeye anavyoingiza cherehani yake. Nilicheka. Mtu mwenye akili kama mimi ashinde akibeba vyuma? Nikamjibu kwamba mwizi hashindwi kwa mikono, anashindwa kwa kichwa. Akasema sawa, akaendelea kushona.

Jumanne, 4 Machi

Nimetundika kibao kwenye gari: MBWA MKALI NDANI. Mbwa sina. Kwa hiyo nikaingia nyuma mwenyewe, nikafunga milango, kila aliyepita nikambwekea. Nilibweka vizuri mno. Muuza mkaa alidondosha gunia!

Kasoro ndogo. Milango ile haifunguki kwa ndani. Joto likapanda, jasho likanitoka, kubweka kukageuka kuomba msaada. Aliyenifungulia ni nani? Bingwa. Akauliza kwa upole kama mbwa keshakula.

Kibao nimekitoa.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Leo limepita gari la maiti barabarani. Wote tulisimama. Mpanda baiskeli alishuka. Wahuni wa kona, wale wasiomheshimu hata mama yao, walivua kofia na kutazama chini. Hakuna hata mmoja aliyesogea karibu.

Nikaenda moja kwa moja kwa mchoraji wa mabango. Gari limepakwa rangi nyeusi tii, maandishi meupe GARI LA MAITI, na shada la maua kila ubavu. Mchoraji aliuliza nani kafariki. Nikamwambia bado hakuna. Alisogea nyuma kidogo.

Mama watoto katoka nje, kaona, karudi ndani kwenye cherehani yake. Nadhani amevutiwa.

Alhamisi, 6 Machi

Mafanikio makubwa! Hakuna mtu anayepita upande wetu wa barabara. Hata watoto wa mpira wamehama. Ufunguo sasa nauacha humo humo ndani ya gari. Nani aibe?

Mchana kulikuwa na tafrani kidogo. Mama mkwe alisikia gari la maiti limeegeshwa kwa mwanawe, akaja analia tangu mwanzo wa mtaa, kanga kichwani, majirani nyuma yake. Akaingia, akanikuta mezani nakula. Kilio kikakatika hapo hapo. Akaniuliza kama ni mimi kweli. Nikasema ndiyo mama, shikamoo. Akaketi, akasema basi, Mungu ndiye mpangaji. Sikupenda alivyolisema.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Nilikwenda hospitali kupima urefu wa mabomba. Nimekaribia tu lango, wajawazito waliokuwa kwenye benchi wakapiga mayowe. Mmoja alisema anarudi kujifungulia kwao. Baba mmoja mtarajiwa alianguka, wakampa kitanda cha mkewe. Mlinzi akafunga lango, akasema hapa watu wanakuja duniani, hawaondoki.

Matroni akatoka. Mwanamke mdogo, sauti kubwa. Akasema gari lile likionekana tena langoni kwake, kazi ni ya Bingwa siku hiyo hiyo. Nikamwomba radhi.

Mama watoto kasema nipake rangi upya. Nimekataa. Kufuta silaha kwa sababu ya lango moja? Jumatatu nitalifunika gari kwa shuka zake mbili. Hajui bado.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepakia kila kitu tayari kwa Jumatatu. Spana za bomba, drili, msumeno wa chuma, mashine ya kuchonga nyuzi za mabomba aliyoniachia marehemu baba. Vyote vimefutwa mafuta, vinang'aa. Bingwa alikuwa anashusha vyake kutoka garini kwake na kuviingiza ndani, kimoja kimoja, anahema. Nilimpungia mkono. Maskini, hana kichwa.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya kuliko zote.

Baada ya chakula cha mchana nilitembea kwenda dukani kununua utepe wa kuzungushia nyuzi za bomba zisivuje. Njiani likapita gari la maiti, polepole, kwa heshima zote. Nikasimama. Nikavua kofia, nikainamisha kichwa, nikamwombea marehemu, kwa moyo kabisa. Nikawaza, masikini, nani tena huyo? Dereva aliniitikia kwa kichwa.

Nikaona kwamba taa yao ya nyuma imekufa upande wa kulia. Nikasema moyoni, kama yangu.

Nikatembea hatua chache zaidi. Kisha nikapiga ukelele ambao dukani waliusikia.

Nilikimbia mpaka pumzi zikaisha. Limekwenda! Nyumbani pale lilipokaa palibaki doa la mafuta. Bingwa, aliyekuwa kibarazani kwake, alisema aliliona likiondoka, na akasimama kutoa heshima za mwisho. Alidhani nimepata mteja.

Nikakaa chini hapo hapo kwenye doa, nikalia. Si gari. Ni mashine ya baba. Ni wodi. Ni Bingwa kesho asubuhi akiingia langoni na spana yake. Nililia kama mtoto, na jirani akiona.

Mama watoto akaja, akanishika mkono, akaniingiza ndani. Akafunua kitambaa kilichofunika meza yake ya kukatia. Chini yake: spana, drili, msumeno, mashine ya baba. Vyote! Alivishusha asubuhi nilipokuwa naoga. Akasema cherehani yake inalala ndani, hakuona kwa nini vyangu vilale nje. Nilimkumbatia mpaka akalalamika kwamba nina mafuta.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi ni yangu! Nimefika mapema, vifaa kamili. Aliyenifikisha ni Bingwa, kwa gari lake, maana mama watoto alikwenda kumwomba. Njia nzima alipiga mluzi. Langoni akamwambia mlinzi kwamba leo kaleta fundi aliye hai. Nikaanza kushusha vifaa.

Matroni alikagua vifaa, akasema nianze. Bomba la kwanza limekaa sawa, halivuji hata tone. Nilipoligusa nilimkumbuka baba. Baadaye nikakumbuka kwamba kwa kweli mpango wangu umefaulu: hakuna hata spana moja iliyoibiwa.

Jumanne, 11 Machi

Gari limepatikana! Wezi walikuwa wanalitumia kuhamishia pampu walizowaibia watu. Walipita vizuizi vyote barabarani bila kuulizwa, askari wakiwapigia saluti. Walikwama tu baada ya mafuta kuisha, maana kipimo changu kinadanganya. Sajenti alinihoji kwa nini fundi bomba ana gari la maiti. Nilimweleza kwa kirefu. Alifunga macho, akasema nikafute maandishi yale leo hii.

Mama watoto kasema nifute, basi, na jioni nishushe vifaa. Nimemwambia nimeelewa.

Na kweli nimeelewa. Kosa langu lilikuwa kuchagua gari ambalo watu wanalipisha njia. Nilitakiwa kuchagua gari ambalo mwizi mwenyewe analikimbia. Nimeshamkabidhi mchoraji. Rangi ya buluu, mistari myeupe, na pande zote mbili neno moja kubwa: POLISI.

Kesho linakuwa tayari. Ufunguo nitauacha humo humo.