Korosho za Kufungwa Uzi

Tangu asubuhi redio ilikuwa imetangaza: mtaa unataka kuipa barabara ya sokoni jina la marehemu Ismaili Nangoma, mtengenezaji wa filamu za serikali za enzi zile, na mwenye pingamizi alifikishe ofisini leo kabla ya saa tisa na nusu. Kufika saa nane, kijiwe cha kahawa cha Mama Kashata, pale Mikindani, kilikuwa kinawaka moto.

Aliyekiwasha ni Breki. Jina lake hasa ni Bwanaheri, dereva wa lori wa zamani, na Breki aliitwa kwa sababu hakuna jambo lililopita kijiweni asilisimamishe. Mkononi alikuwa na karatasi ya pingamizi yenye sahihi ishirini na moja. Alizikusanya nyumba kwa nyumba wiki nzima, goti linamuuma, na safari hii hakuwa anatania hata kidogo.

"Barabara haipewi jina la mwongo!" alifoka.

"Mwongo wapi? Msanii yule," alidakia Hansadi, karani mstaafu anayezungumza kama yuko bungeni. "Kaitangaza Mtwara nchi nzima."

"Kaitangaza kwa lipi? Kaja kijijini kwetu Mahurunga mwaka sabini na sita, mwezi wa tatu, anataka picha ya mavuno ya korosho. Mwezi wa tatu! Nkorosho hauna hata ua! Basi kaagiza korosho za ghalani, zikafungwa uzi kwenye matawi, moja moja!"

Mama Kashata aliacha kumimina. "Uzi?"

"Uzi wa cherehani! Nina miaka saba, nimefunga kwa mikono hii. Tumboni nina ming'oko, mizizi ya kuchimba porini, filamu inasema tumeshiba mpaka tunasaza!"

"Mzee, hizo sasa kamba," alisema Chaji, kijana mwenye kibanda cha kuchaji simu hapo jirani.

"Kamba gani? Nimekwambia uzi!"

"Kumbe uliyefunga ni wewe," Hansadi alisema, kidole juu. "Mshitakiwa namba mbili huyu hapa."

"Nilipewa kipande cha sabuni!"

"Na hongo kala!"

"Sabuni hailiwi!"

"Haya, umeioga."

Kijiwe kiliangua kicheko. Breki alinuna. Chaji, ambaye vidole vyake havitulii, alikuwa ameshaipata filamu yenyewe mtandaoni. Aliisimamisha simu kwenye meza, ikaanguka. Breki akaikunja karatasi yake ya pingamizi na kuiegemezea simu, ili wote wauone uongo kwa macho yao.

Tarumbeta zililia, kisha sauti nzito ikasema: "Wananchi wa Mahurunga wakifurahia mavuno yasiyo na kifani!" Mkorosho ulikuwa umezaa kupita kiasi, hata Hansadi alikohoa.

"Mti huo una uzazi wa panya," alisema Mama Kashata.

Wakaja wanawake na vikapu. Wa mbele, kanga kiunoni, alirusha kichwa nyuma akacheka mpaka kikapu kikamponyoka.

Breki aliinamia simu mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Vipi?" aliuliza Chaji.

"Mama yangu huyo."

Wote walijua habari zake. Mama alifariki Breki akiwa na miaka tisa, na hakuacha picha hata moja. Miaka yote hii alikuwa akiutafuta uso ule kichwani, na kila mwaka ulizidi kufifia.

"Rudisha nyuma," alisema.

Chaji alirudisha. Hansadi alijitahidi kunyamaza, akashindwa. "Lakini Breki, kicheko hicho si cha kuigiza. Mama kafurahi kweli."

Breki alifuta macho, mabega yakaanza kumtikisika. "Anamcheka Nangoma! Tawi la juu tulilishindwa, bwana mkubwa akapanda mwenyewe. Hakuna aliyemwambia kama nkorosho una maji moto!"

Mama Kashata alijishika mbavu. Mtoto yeyote wa Mahurunga anawajua wale sisimizi wekundu wanaong'ata kama moto.

"Wakamwingia kwenye suruali. Kashuka hana suruali, anaruka, anaita polisi! Mashine ya picha ikawa inazunguka."

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Basi filamu ina ukweli mmoja," alisema Mama Kashata akijipangusa machozi. "Na kauacha yeye. Angetaka, angeukata."

Hilo lilimchoma Breki. Hakutaka kumshukuru mtu yule kwa lolote. Alitoa simu yake ya vitufe, iliyofungwa mpira. "Nirushie humu."

Chaji aliitazama kwa huruma. "Mzee, hii ikipokea salamu ndefu inazima."

"Saa tisa na dakika kumi na tano," alisema Hansadi. "Na goti hilo, ondoka sasa."

"Naondoka. Mwongo ni mwongo." Breki alisimama, akapiga hatua mbili, akarudi. "Mara moja tu nimwone, halafu nikamshitaki."

Mara moja ikawa tano, ikawa kumi. Mama Kashata alimjazia kikombe bila kuombwa. Mwenyekiti wa mtaa alipita na pikipiki, funguo za ofisi zikining'inia kiunoni, akawapungia mkono.

Hansadi alimsubiri apite. "Breki, ofisi imefungwa. Na karatasi yako hiyo hapo imeegemezewa simu. Nangoma kakuweza tena!"

Breki hakuinua uso.

"Nyamazeni," alisema. "Mama anacheka."