Pindo Jeusi kwa Ajili ya Baba

Ijumaa, 1 Agosti

Anyelwisye kapiga simu asubuhi. Anasema baba anakuja Alhamisi kwa ajili ya maonesho ya Nanenane na atafikia kwake kama kawaida. Kama kawaida! Kalitamka taratibu ili liniume. Likaniuma.

Huyu ni mdogo wangu, wa tumbo moja. Ana televisheni kubwa kama geti. Baba anapenda ngumi kuliko chakula, basi kila mwaka anakaa kwa Anyelwisye, mtaa wa Forest mjini, miguu juu ya zulia, anatazama watu wakipigana mpaka maonesho yanakwisha, halafu huyo, Tukuyu. Kwangu hapa Uyole hajawahi kulala. Hata chai hajanywa. Na basi lake linapita hapa hapa! Mimi ndiye mkubwa. Inauma sana, sioni sababu ya kuficha kwenye shajara yangu mwenyewe.

Mwaka huu atalala kwangu. Nina projekta, niliipata hoteli moja ilipofunga ukumbi wa mikutano. Nina ua mpana. Nina mashuka meupe mawili ya harusi, yale ambayo mke wangu Atuganile alisema nisiyaguse. Atuganile yuko Mafinga kwenye semina ya akina mama. Mungu ana mipango yake.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimelikaza shuka la kwanza kwenye fremu ya mbao. Giza lilipoingia nikawasha projekta, nikalipiga picha, nikamrushia Anyelwisye. Akajibu: kaka, mbona umeanika nguo usiku? Na vikatuni vya kucheka, mstari mzima.

Nikaingia YouTube kwa hasira. Kuna fundi mmoja huko, mtu makini. Anasema siri ya skrini si weupe, ni weusi. Skrini bila pindo jeusi pande zote nne ni shuka tu. Pindo linameza mwanga unaomwagika pembeni, na jicho linaona picha kali. Nimekumbuka televisheni ya Anyelwisye. Kweli ina pindo jeusi, jembamba kama kidole. Langu litakuwa la viganja viwili.

Jumapili, 3 Agosti

Sikwenda kanisani. Kumheshimu baba nayo ni amri.

Nimetwanga mkaa, nikauchanganya na uji wa sembe ili ushike, nikapaka. Weusi wa kutisha! Nikaingia ndani kula. Kutoka, nakuta kuku wa jirani yangu Mama Veneranda wamedonoa pindo lote la chini. Uji ulikuwa umeiva vizuri, nadhani. Wamepita na katikati ya skrini, nyayo zimejaa kila mahali.

Mama Veneranda kaja juu, anasema kuku wake weupe nimewageuza kunguru. Nikamwambia wake wamekula shuka la harusi. Akaniuliza shuka la harusi linafanya nini nje. Swali la kijinga. Hatukuagana.

Jumatatu, 4 Agosti

Shuka la pili. Hili lina maua yaliyodariziwa kwenye kona, lakini pindo litayafunika. Nimetumia rangi ya mafuta iliyobaki nilipopaka geti. Nyeusi tii.

Inang'aa! Mwanga unagonga pindo, unarudi usoni. Nimejaribu pambano moja la ngumi: mabondia wako wawili kwenye shuka na wengine wanne pembeni, wamepinda, wanapigana na mimi. Halafu rangi inatambaa. Nimeipaka kwa upana wa viganja viwili, sasa ni vitatu na bado inasogea.

Ofisini, maana nina ofisi ya picha za pasipoti na fotokopi, mteja kaniuliza kama nimehamia gereji. Picha yake nimeitoa akiwa amefumba macho.

Jumanne, 5 Agosti

Ushindi!

Fundi wa YouTube anasema rangi ni kwa watu wasio na subira. Kitambaa kinachomeza mwanga kabisa ni mahameli nyeusi. Nimezunguka Uyole nzima, hakuna. Nikakata tamaa. Nikiwa narudi, nikaiona! Inaning'inia kwenye karakana ya Mzee Jailos, fundi majeneza. Mtu ana hazina na hata hajui.

Mzee Jailos kaniuliza nahitaji kwa ajili ya nani. Nikamwambia kwa ajili ya baba yangu. Akaweka randa chini. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanikatia kitambaa kingi kuliko nilichoomba, akakataa malipo ya hicho cha ziada. Akaniuliza kama vipimo vya baba ninavyo. Nikamwambia vipimo vyote nimeshachukua mwenyewe, mbao ninazo, nimeshaunga. Akatikisa kichwa, akasema vijana wa siku hizi wanajikaza sana.

Watu wa Uyole ni wakarimu. Anyelwisye anajidanganya na Forest yake.

Jumatano, 6 Agosti

Nimelibana pindo kwa misumari midogo juu ya ile rangi. Jamani! Weusi uliotulia. Ukiutazama unasikia usingizi.

Baba atataka watu, ngumi hazitazamwi peke yako. Nimekwenda kwa Mzee Amos, mzee wa kanisa, kuomba mabenchi na turubai, maana umande wa Agosti hapa kwetu unatoboa mfupa. Nikamwambia baba anafika kesho kutoka Tukuyu, nataka watu wakae vizuri. Alitaka kunikemea kuhusu Jumapili, nilimwona usoni, lakini akaghairi. Kaleta mabenchi yeye mwenyewe, na masufuria. Masufuria sikuomba.

Jioni nimefanya majaribio. Kwenye simu sikuwa na picha yenye mwanga wa kutosha isipokuwa ile ya pasipoti ya baba, niliyompiga mwaka juzi nikamvalisha suti na tai kwa kompyuta na kumtoa mikunjo. Nikaiweka. Baba akajaa skrini nzima, amekaza macho, na pindo jeusi limemzunguka. Fundi alisema kweli!

Nimeiacha hivyo nikiwa nakula, nione kama mahameli itapauka. Watu wanaopita barabarani wakawa wanasimama. Wanaume wakavua kofia. Mama Veneranda alikuja mpaka kwenye uzio, akapiga picha kwa simu yake, akafuta machozi. Tumegombana juzi tu! Sanaa nzuri inapatanisha.

Alhamisi, 7 Agosti



Mchana walianza kuja watu. Wengi mno. Wamebeba ndizi, unga, kuni. Wanaume wakawasha moto pembeni ya ua, wanawake wakatandika mikeka. Kila mmoja ananipa pole, nami namjibu nimeshapoa, kwa sababu kweli nilihangaika na lile pindo na nilifurahi kwamba limeonekana. Wakaanza kuimba mapambio. Nikaona si vibaya, ngumi zingeanza jioni. Simu nilikuwa nimeizima mawasiliano ili isiingiliwe, imechomekwa kwenye projekta, na chini ya turubai palikuwa na giza la kutosha. Nikamwasha baba tena, kwa ajili ya ukaribisho. Wakalia! Wote!

Akaja Anyelwisye, macho mekundu. Akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Hajanikumbatia tangu kipaimara. Akasema anaenda kutafuta gari, akatoka mbio kabla sijamuuliza gari la nini. Nikadhani wivu umemzidi.

Ndipo Mzee Amos akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini mwili unafika saa ngapi.

Nikatazama skrini. Nikatazama moto. Nikatazama masufuria. Nikaingia stoo kutafuta maneno.

Nikiwa humo, kati ya magunia ya viazi, baba akafika. Anyelwisye alitakiwa kumpokea stendi ya mjini, lakini tangu alipotumiwa ile picha ya Mama Veneranda akili yake haikuwa sawa. Alimpigia baba, simu imeisha chaji. Akapiga nyumbani Tukuyu, akaambiwa mzee katoka alfajiri. Akajua amefia njiani. Baba naye kakaa stendi, kachoka, akapanda daladala mpaka hapa Uyole, akauliza nyumba ya Ezekia wa fotokopi, yaani mimi, iko wapi. Wakamwonesha kwa kidole: ile pale, yenye msiba.

Kwetu msibani mtu haulizi mlangoni. Unalia kwanza, utauliza ukishakaa. Pale uani hakuna aliyemjua, maana hajawahi kufika, na bila suti, na kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, na mikunjo yake yote, hafanani na ile picha hata kidogo. Yeye skrini hakuitazama. Alijitupa kwenye mkeka, akaanza kunilia mimi.

Mimi! Nilisikia kila neno. Alilia kwamba Ezekia ndiye aliyemjengea choo, kikaanguka, akajenga tena, kikaanguka, akajenga tena. Kwamba Anyelwisye alituma fundi, lakini Ezekia alikuja mwenyewe na jembe. Kwamba kila mwaka basi likifika Uyole yeye hutazama dirishani upande wangu. Kwamba hakutaka televisheni, angekaa hata juu ya debe, angekunywa hata maji. Alikuwa anangoja aambiwe njoo. Mwanangu hajawahi kuniambia njoo, akalia baba, na sasa hataniambia tena.

Machozi yalinitoka. Nikashika kitasa nitoke. Lakini ndiyo kwanza alikuwa anaingia kwenye habari za utoto wangu, jinsi nilivyowahi kutembea, nikaona si adabu kumkatiza mzazi. Nikakaa juu ya gunia. Kilikuwa kipindi kizuri kuliko vyote maishani mwangu.

Anyelwisye akarudi na Coaster. Akamwona baba. Akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima, akaangukia benchi la kanisa, likakatika. Baba akainuka kumsaidia, kofia ikamtoka, na wanawake wakamtazama yeye, wakatazama skrini, wakamtazama yeye. Uzio wangu wa upande wa kulia sasa haupo. Mama Veneranda alipita nao, na sufuria mkononi.

Nikaona wakati umefika. Nikatoka stoo, mabaki ya mahameli mabegani maana kulikuwa na baridi. Waliokuwa wamebaki nao wakaondoka.

Baba alinishika uso kwa viganja vyote viwili. Muda mrefu. Halafu akageuka akaiona skrini. Akaniuliza ile suti ni ya nani. Nikamwambia ni ya kompyuta. Akaniuliza kwa nini amezungushiwa weusi. Nikamweleza habari yote ya mwanga unaomwagika pembeni. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza nilikuwa wapi wakati analia. Nikasema stoo. Akaniuliza kama nilikuwa nasikia. Nikasema sehemu ya katikati sikuisikia vizuri, kama anaweza kuirudia.

Hakurudia. Alikaa, akala ndizi zilizoletwa kwa kifo chake, akasema chakula cha watu hakitupwi. Akawaambia waliokuwa wanachungulia ndaga fijo, asanteni sana, yeye ni mzima. Akapanda Coaster na Anyelwisye. Viti vyote vile, watu wawili.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Sikutoka. Barabarani wananiita Marehemu.

Mzee Amos anataka benchi. Mzee Jailos nilimrudishia mahameli, akakataa, akasema nikae nayo, siku haziko mbali. Atuganile kapiga simu kutoka Mafinga. Ile picha ilimfikia. Anasema alilia mpaka semina ikasimama wamwombee, halafu akaikuza, akaona ua moja la kudarizi limechungulia kwenye kona. Anarudi kesho. Alizungumza kwa upole sana na sikuupenda ule upole.

Nilimweleza yale aliyosema baba. Akaniuliza sasa nimemwambia baba njoo? Nikamwambia aache kuchanganya mada.

Jumapili, 10 Agosti

Nalala stoo, kwa amri ya Atuganile.

Anyelwisye kapiga simu mchana. Anasema baba anaondoka kesho asubuhi, basi litapita Uyole, na amesema anaweza kushuka kidogo. Anauliza kama nina neno la kumwambia. Hata moja, kasema Anyelwisye, na safari hii hakuwa na dhihaka. Baba alikuwa palepale pembeni. Nilimsikia akikohoa, kisha akanyamaza, kama mtu anayesikiliza.

Nilifikiri sana. Kwa uaminifu kabisa nimechunguza kosa langu liko wapi, na nimeliona. Viganja viwili ni vingi mno. Pindo pana namna ile lazima mtu afikirie msiba. La kidole kimoja, kama la Anyelwisye, lisingemtisha yeyote. Ni kupunguza tu. Nikipata mkasi mkali ni kazi ya wiki moja, labda mbili.

Nikamwambia Anyelwisye hapana, kwa sasa sina neno, baba asafiri salama. Simu ikakatwa.

Nimeshaanza kupima. Likikaa sawa, baba atakuja mwenyewe, hata kumwambia haitahitajika.