Sato wa Bwana Harusi

Alhamisi, 12 Septemba 2024
Keshokutwa Paskazia anaolewa. Si na mimi! Aliniacha wakati wa Pasaka, kwa ujumbe wa simu, nikiwa nimeshapaka chumba rangi ya waridi aliyoitaka. Anamchukua Shigela, fundi wa injini za boti hapa Ilemela. Mpole hadi anakera. Nimejitolea kamati ya chakula. Wote wamesifu moyo wangu mweupe. Mfukoni nina chupa ya dawa ya kuharisha. Duka la dawa nilisema ni ya mjomba, hapati choo. Wamempa pole mjomba.

Jumamosi, 14 Septemba
Sato wa bwana harusi, mzima, wa mchuzi. Nikammiminia chupa yote. Nikasimama mlangoni nione suti ikikimbia.

Balaa! Paskazia akashika kipaza sauti. Akasema yupo mtu ambaye yeye alimuumiza, na bado mtu huyo amewapikia wageni bila kinyongo. Akaniita mbele. Ukumbi mzima ukasimama. Kwa ajili yangu! Shigela akanipa sahani yake. "Kaka Mihayo, huyu ni wako."

Nikasema nimeshiba. Wakacheka. Mama yake Paskazia akasema basi aonje yeye, akanyoosha mkono. Mama yule alinilisha miaka yote ya uchumba. Nikavuta sahani. Nikala. Nyama, kichwa, mchuzi. Vigelegele! Machozi yakanitoka. Walidhani ni furaha. Nusu ilikuwa kweli.

Jumapili, 15 Septemba
Hospitali. Dripu. Aliyenibeba mgongoni ni bwana harusi mwenyewe, na suti ya kukodi. Suti hiyo hairudishiki. Amekesha nami, usiku wa harusi yake! Asubuhi Paskazia kaleta uji. Nikajaribu kukiri, akasema nisijichoshe, huenda samaki alikuwa amelala. Mungu awabariki watu hawa. Nimelia ndani ya uji.

Jumanne, 17 Septemba
Nimeruhusiwa. Kisasi nimeacha kabisa!

Shigela amenisindikiza nyumbani. Njiani akanisimulia: naye aliwahi kuachwa, na Winnie wa Nansio, wakati mahari iko tayari. Anasema alishamsamehe. Wakikutana wanasalimiana, wanataniana.

Maskini! Hajui kujipigania. Na mtu huyu alinibeba mgongoni! Asante ya mdomo haitoshi. Nimeulizia: Winnie anaolewa mwezi ujao, na kamati yake inatafuta mtu wa mapambo. Nimeshapiga simu. Wamefurahi sana. Meli ya Nansio ni kesho asubuhi. Shigela sijamwambia. Nataka ashtukie tu nimemlipia wema wake.