Jozi Themanini na Tano za Viatu

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Nimeanza Ripoti ya Mwaka ya Jumba la Maigizo la Kibokoni, ambalo mimi ni katibu wake, mtunzi wake na, kwa maoni ya Crispus, msiba wake. Crispus ni karani wa reli na kiongozi wa waigizaji wetu. Hapendi maigizo yangu kwa kuwa hayachekeshi. Yake hayafikirishi. Tunaheshimiana, nadhani.

Sentensi ya kwanza: "Jumba limeendelea kukua." Nzuri! Je, ni ya kweli? Mwaka juzi waliingia watu 412. Mwaka jana, 655. Mwaka huu, na limebaki onyesho moja tu, 571. Nahitaji themanini na watano Jumamosi ya tarehe 16. Onyesho letu lililojaa kuliko yote mwaka huu lilikuwa na hamsini na wawili.

Si suala la takwimu tu. Jumba lilikuwa ghala la babu yake Bi Mwanaesha, naye ametuachia bure kwa sharti moja: kila mwaka waingie watu wengi kuliko mwaka uliotangulia. Wasipozidi, jumba litakwenda kwa mpwa wake Jamaldin, anayetafuta mahali pa kuwekea magodoro. Mkutano wa mwaka ni tarehe 17. Jamaldin amekwisha kuja kupima kuta kwa kamba.

Nimeandika pia Mpango wa Miaka Mitano. Jukwaa la pili Tudor. Darasa la uigizaji Kizingo. Ziara ya Voi. Nimeusoma mara tatu na kila mara nimeguswa. Mpango kama huu haustahili kulaliwa na magodoro.

Jumanne, 5 Novemba

Pigo. Kwetu mtu huvua viatu mlangoni, kwani hukaa juu ya mikeka. Kenga, bawabu wetu, huhesabu viatu, akagawa kwa mbili, akaandika daftarini. Sijapata kuutilia shaka utaratibu huu. Niliusifu hata katika ripoti ya mwaka jana. Leo nimemuuliza, kwa udadisi wa kitaaluma tu, kama huhesabu na viatu vya waigizaji.

Alinitazama kwa huruma. "Kwani waigizaji hawana miguu, mwalimu?"

Nimekaa na madaftari yake mpaka adhuhuri. Mwaka jana Crispus aliigiza harusi yenye watu arobaini jukwaani, tena Jumamosi tatu mfululizo. Mwaka huu limetawala igizo langu, la mume na mke wasiosemezana. Waigizaji wawili. Nilipowatoa waigizaji wote hesabuni, ukuaji wetu wa miaka mitatu ulibaki watu kumi na wawili.

Tulichokuwa tukikisherehekea ni sisi wenyewe.

Nimeamua kumweleza Bi Mwanaesha ukweli wote. Ndilo jambo la pekee linalofaa.

Jioni: sina hakika tena kwamba ni la pekee.

Alhamisi, 7 Novemba

Jaribio. Kwa kuwa Kenga huhesabu viatu wala si vichwa, nilifikiri, bila kukusudia lolote, kwamba viatu vingeweza kuwapo pasipo vichwa. Nimeazima jozi kumi na mbili kwa Truphosa, jirani yangu wa Tudor, mwenye moyo mkunjufu na mabinti wanne. Nilizipanga mlangoni wakati wa mazoezi ya kundi zima la Crispus, katikati ya ndara za waigizaji, nione kama zitaonekana za kawaida.

Zilionekana za kawaida kupita kiasi. Mazoezi yalipomalizika waigizaji walivaa vilivyo vizuri na kwenda zao. Nimebaki na ndara ishirini na nne zilizolika visigino, kumi na saba kati yake za mguu wa kushoto.

Truphosa alizipokea, akazipanga mbili mbili. Kisha akaniuliza kwa upole kama huko chuo kikuu nilifundishwa haya au niliyapata njiani. Jumapili ataingia kanisani na viatu vya mumewe.

Jumamosi, 9 Novemba

Nuru! Kama miguu ya waigizaji huhesabiwa, basi waongezwe waigizaji. Hapana uongo wowote hapo. Ni uamuzi wa kisanaa.

Nimeandika upya tukio la mwisho. Mume na mke wasiosemezana sasa wanapelekwa mbele ya mtaa mzima wapatanishwe. Mtaa mzima: watu themanini na watatu. Pamoja na wawili wangu, themanini na watano. Nimeangalia hesabu mara mbili.

Crispus aliniuliza hao wote watafanya nini. Nikamjibu kwamba watanyamaza, ili kimya cha wanandoa kipate mwangwi wa kijamii.

"Kadzo, dada yangu," alisema, "watu themanini wa Kibokoni wanyamaze? Hilo ni igizo la miujiza."

Wivu. Au ana hoja. Nitalifikiria baada ya tarehe 17.

Jumatano, 13 Novemba

Nimepita nyumba kwa nyumba, baraza kwa baraza, kuomba waigizaji. Hakuna aliyekataa. Hakuna! Miaka yote nimewaomba waje kutazama, wakaniambia wana wageni. Leo nimewaomba waje kutazamwa, na wageni wao nao wanataka nafasi. Mzee Kingi, mkaanga na muuza viazi karai, amekubali, kwa sharti kwamba aje na karai lake. Jael mshonaji amekubali kama mumewe hatapangwa karibu naye. Jirani mmoja amemtoa mama mkwe wake kwa niaba ya familia nzima.

Orodha imefika themanini na tisa. Nimewaeleza kwamba kazi yao ni kunyamaza kwa hisia. Walinisikiliza kwa makini sana, wote wakizungumza.

Nimewahurumia, na nimewapenda. Sijui kama hisia hiyo ni ya kisanaa.

Jumamosi, 16 Novemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Baada ya sala ya alasiri, viatu vilijaza rafu, vikajaza ukumbi wa mbele, vikatoka hadi kichochoroni. Kenga alihesabu mara mbili, akaniletea karatasi kama mtu anayeleta habari za kuzaliwa mtoto. Tisini na wawili! Nilimshika mkono. Jumla ya mwaka, 663. Tumepona!

Bi Mwanaesha alifika akiwa amevaa buibui lake la hariri, Jamaldin nyuma yake amebeba kiti chake. Nikamwamkia. Akaniuliza mbona leo hasikii kelele za watu ukumbini. Nikamwambia ni utulivu wa hadhira iliyokomaa.

Pazia likafunguliwa.

Jukwaani, tisini. Wamebanana bega kwa bega, Mzee Kingi na karai lake mbele kabisa. Ukumbini, mikeka mitupu kutoka ukuta hadi ukuta, na katikati yake kiti kimoja, na juu ya kiti Bi Mwanaesha. Jamaldin alisimama kando yake kitambo kidogo. Kisha akamwona rafiki yake jukwaani akimpungia mkono. Akapanda.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Naliandika kwa sababu ni lazima mtu awe mkweli mahali fulani. Katika siku saba za mipango sikujiuliza hata mara moja nani atabaki kutazama.

Bi Mwanaesha akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akageuka nyuma, akatazama na huko.

"Kadzo, mwanangu," akasema, "hawa wote wanitazama mimi. Nifanye nini?"

Igizo langu la kimya halijapata kuwa kimya kiasi kile. Bi Mwanaesha akainuka, akajishika nyonga, akaomba mkono wa kupandia. Alipofika juu alimkabili yule mke asiyesema, ambaye siku nyingine ni Purity, karani wa posta, na kumwambia, "Na wewe! Miaka mingapi wamnunia mume? Sema kosa lake tulisikie, twende tukapike!"

Purity akasema. Hakuwa na maneno, sikumwandikia hata moja, akayatoa kwake. Mume akajibu. Jael akamjibu mume, kisha akamgeukia mumewe mwenyewe. Watu tisini na wawili walisema kwa pamoja kwa muda wa saa nzima, na mimi peke yangu, mkekani, nimevua viatu, nikiwatazama.

Nililia kidogo. Nadhani kwa kucheka.

Jumapili, 17 Novemba

Mkutano. Nilisimama na kukiri yote: daftari, waigizaji, viatu vya Truphosa. Crispus aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika.

Bi Mwanaesha alishangaa kwamba nimeshangaa. Kenga humsomea hesabu nzima kila mara, na waigizaji ndani yake. Alijua tangu mwaka wa kwanza. "Mimi nataka nyumba ya babu yangu iwe na watu," alisema. "Wakae mbele, wapande juu, shauri yao." Jumba ni letu mwaka mwingine. Jamaldin hakulalamika. Aliuliza tu kama atapewa maneno ya kusema safari ijayo.

Bi Mwanaesha aliongeza kwamba siku nyingine nimwambie mambo kabla ya kuyapanga. Nikaahidi. Nilikuwa na nia ya kweli kabisa.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimetafakari. Nimejifunza, naamini, kwamba uwazi hutangulia hesabu, na kwamba ukuaji wa jumba la maigizo haupimwi mlangoni. Nimeyaandika haya katika ukurasa wa kwanza wa Mpango wa Miaka Mitano.

Ukurasa wa pili: mwakani tunahitaji watu 664.

Hapana haja ya kumsumbua Bi Mwanaesha mapema namna hii. Nimeanza igizo lenye wahusika mia moja na arobaini. Kama ukuta wa nyuma utaweza kusogezwa, watatosha. Wasipotosha, Truphosa ana mdogo wake, Becky, aliyehamia juzi na hajasikia chochote. Ana jozi kumi na moja.